Gari Jekundu Kwenye Kabichi za Wakwe

Naomba nianze na aibu yenyewe, maana nimegundua kwamba nikichelewa kuisema wengine hunitangulia, na wao huisema vibaya. Mimi ni mtu mzima, mwalimu mstaafu, niliyetumia ujana wangu seminari nikisoma Kilatini, kisha nikafundisha historia na Kiswahili katika chuo cha ualimu mpaka mvi zikafika kwenye nyusi. Na mtu huyo huyo ndiye aliyesimama katikati ya kabichi za watu, viatu vimejaa matope, gari jekundu limelala kando yake kama ng'ombe aliyegoma, akatamka kwa sauti nzito, mbele ya wazee, kwamba amekuja kwa miguu. Mlioisikia habari hii kwa binamu yangu Kaspari mmesikia nusu yake, tena ile nusu inayomfaa yeye. Vuteni viti niwape nzima.

Sharti nirudi nyuma kidogo, hadi Mafinga nilikozaliwa. Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara kuu, mkabala na msitu wa misonobari, na magari niliyoyajua utotoni yalikuwa malori ya magogo, ambayo yakipita sufuria zilihama zenyewe jikoni. Siku moja (nilikuwa bado mdogo, wa kutumwa chumvi na kurudi bila chenji) yalipita magari ya mashindano yakielekea Mbeya, nasi watoto tukajipanga kando ya lami tukilimeza vumbi kwa furaha, na moja kati ya hayo likasimama mbele yangu. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, na fupi kiasi kwamba mimi, mtoto, niliweza kuliona paa lake bila kuinua kidevu. Dereva akashuka mbio akajificha nyuma ya msonobari kwa haja ndogo, na kwa muda wote wa haja hiyo (Mungu ambariki, alikuwa amejibana tangu mbali) gari lile lilikuwa langu. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Mwenzake aliyebaki ndani akabonyeza kitu, na taa ambazo sikujua hata kama zipo zikainuka kutoka ndani ya bati, kama macho ya chura, zikanitazama.

Wenzangu wengi wa rika lile waliapa kuwa mapadre. Nilikwenda seminari pamoja nao, na nilisali kwa moyo, lakini nadhiri yangu ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuiweka kwa chura yule.

Miaka ikapita, mke, watoto, karo, bati za nyumba, mambo ambayo hayana taa za kuinuka. Nilipostaafu, kabla kiinua mgongo hakijazoea kukaa benki, nikaagiza gari. Lilikuja kuukuu lakini jekundu, la milango miwili, viti viwili, na taa zake zilifumba na kufumbua kama zile. Nililiingiza uani kwetu Iringa asubuhi ya Jumamosi, na mke wangu, Mama Upendo, ambaye nilikuwa nimemwahidi gari bila kutaja ni la namna gani (hili nalikiri kuwa halikuwa bahati mbaya), akatoka jikoni, akalizunguka lote bila haraka.

“Baba Upendo,” akasema, “hili ndilo lote, au lingine linakuja nyuma?”

“Ndilo lote.”

“Na magunia ya mahindi?”

“Hili si gari la magunia.”

Akafungua mlango, akajaribu kuingia kwa heshima, kitenge kikakataa, akajaribu kwa kutanguliza mguu, kisha kwa kutanguliza kichwa, hatimaye akasimama, akajifuta mikono. “Hili mtu haliingii,” akasema. “Analivaa.”

Basi nikalivaa mwenyewe. Kila Jumapili baada ya misa nilishuka nalo hadi Ipogolo na kupanda tena mjini, na kwa kuwa kila penye watu nchi hii pana tuta, na kila tuta lilikuwa refu kuliko tumbo la gari langu, nilijifunza kuyapita matuta kwa pembe, gurudumu moja moja, kama mgonjwa anavyoshuka ngazi. Malori yalipiga honi nyuma yangu. Wanafunzi wangu wa zamani walinipungia mkono kwa namna ambayo hata sasa sijaamua kama ilikuwa heshima.

Mkasa wenyewe ulitokana na posa.

Marehemu mdogo wangu aliacha mtoto wa kiume, Festo, ambaye nimemlea tangu hajajua kufunga viatu, na sasa ni fundi seremala Mafinga, kijana wa maneno machache na mikono mizuri. Festo alimpenda binti mmoja aitwaye Tusekile, Mnyakyusa, muuguzi, ambaye kwao ni juu ya Uyole, barabara ya kwenda Tukuyu. Ujumbe wa kwanza wa posa ulikuwa umekwenda tayari, ukiongozwa na mjomba wa Festo, nao ulirudi na aibu. Kwao na kwetu mshenga hafiki kwa gurudumu. Hata aliyesafiri kwa basi kutoka mbali hushuka kabla ya mji wa watu, akatembea kipande cha mwisho, ili wenye binti wamwone akija taratibu, vumbi miguuni, jembe jipya begani, kwa sababu anakuja kuomba. Jembe hilo ndilo jibu: neno likikubaliwa, huegemezwa ukutani kwa wenye mji, likikataliwa, anarudi nalo. Mjomba alifika kwa pikipiki, akapanda nayo mpaka barazani, akaketi kabla hajaketishwa. Alirudi na jembe lake limefungwa kwenye tangi la mafuta, na baba wa binti, Mzee Mwasomola, akatuma salamu kwamba wakitaka kuja tena waje mara moja tu zaidi, na waje kama watu wanaoomba, maana ipo familia nyingine ya hapo hapo Mbeya iliyokwisha kuulizia.

Ndipo Festo akaja kwangu. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, akatazama mikono yake. “Baba mkubwa,” akasema, “wewe unajua kusema. Nenda wewe. Ukishindwa wewe, basi.”

Neno hilo “basi” lilinifuata wiki nzima. Nikatunga maneno yangu kwa uangalifu, nikiwauliza wazee wa kwetu na wa kwao utaratibu wa kuulizwa na kujibu, nikayakariri kama nilivyokariri zamani maitikio ya misa, mpaka Mama Upendo akawa anayaitikia jikoni akigeuza ugali. Mwenye mji atauliza, “Mmefikaje?” Nami nitajibu, “Tumekuja kwa miguu, vumbi la njia lingali miguuni petu, mikono yetu mitupu isipokuwa jembe.” Sioni haya kusema kwamba yalikuwa maneno mazuri.

Jioni ya kuamkia safari Mama Upendo akanipa nauli ya basi. Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na mtaona jinsi ulivyokuwa mdogo. Nikamwambia nitakwenda na gari, nitaliacha kituo cha mafuta pale Uyole, kisha mimi na Kaspari tutapanda bajaji, tushuke mbali, tutembee kama desturi inavyotaka. Nani atajua?

“Kama hakuna atakayejua,” akasema, “unalipeleka la nini?”

Nikajidai kutafuta funguo, mimi mwenye digrii mbili. Ukweli (nausema leo kwa kuwa Mama Upendo hayupo hapa kunisikia) ni kwamba barabara ile ya Mafinga hadi Mbeya ndiyo barabara aliyoifuata chura wangu, na nilitaka kuona alikuwa anakwenda wapi.

Tuliondoka alfajiri. Kaspari, mtoto wa shangazi yangu, ni mtani wangu tangu kuzaliwa, mnene wa kutosha watu wawili, na ndiye aliyeteuliwa kubeba jembe. Jembe nalo, pamoja na mpini wake wa kisawasawa, halikuingia kwenye buti, wala nyuma ya viti kwa sababu nyuma ya viti hapakuwapo, hivyo Kaspari akaliweka katikati ya magoti, mpini ukielekea kwenye dashibodi, akalikumbatia hivyo safari nzima kama askari wa sanamu. Kwenye tuta la kwanza gari likasugua tumbo. Kwenye la pili likagoma. Ikabidi kila tukifika penye tuta Kaspari ashuke, gari liinuke kidogo, lipite, yeye avuke kwa miguu na jembe lake, aingie tena. Na ninyi mnajua kati ya Iringa na Mbeya kuna vijiji vingapi, na kila kijiji kina matuta yake. Mafinga wapasua mbao waliacha kazi kututazama. Askari wa usalama barabarani alitusimamisha, nikatoa leseni, akasema haitaki, anaomba apige picha.

Tulipofika Chimala Kaspari alikuwa amelowa jasho. “Binamu,” akasema, akijipangusa kwa kofia, “ukifika kule useme ukweli. Wewe umeendesha. Mimi ndiye niliyekwenda Mbeya kwa miguu.”

Lakini kati ya tuta na tuta, ndugu zangu, penye lami tupu ya Usangu, milima upande mmoja na mashamba ya mpunga upande mwingine, lilikwenda. Sitasema zaidi. Lilikwenda, na mimi sikuwa mstaafu.

Tulipofika Uyole nikaingia kituo cha mafuta kama nilivyopanga, na kabla sijazima injini gari likazungukwa. Mmoja alikaa kwenye boneti apigwe picha, mwingine akauliza linauzwa, wa tatu akajaribu kuinua taa kwa mkono. Nikajiwazia nikiwa barazani kwa Mzee, natamka maneno yangu ya unyenyekevu, huku moyo uko kituoni unahesabu mikwaruzo. Nikamwambia Kaspari tusogee nalo mbele kidogo, mpaka kwenye mikaratusi iliyo juu ya mji wa Mzee, tuliache pale kichakani, tushuke kwa miguu.

“Mvua imenyesha usiku,” akasema Kaspari.

“Kidogo tu.”

“Binamu, huu udongo wa huku mweusi si wa kwetu.”

Nikampa maelezo mafupi juu ya majivu ya volkano na asili ya rutuba ya Rungwe, na ninaamini yalikuwa sahihi yote. Tukaacha lami.

Kwenye mikaratusi nikakanyaga breki. Breki ilitimiza wajibu wake, magurudumu yakasimama kabisa, ila gari halikusimama. Laiti lingekwenda kasi ningeweza kusema ilikuwa ajali. Lilishuka polepole, kwa adabu, limenyooka, kama askofu anayeingia kanisani, likafuata mifereji iliyochimbwa na malori ya viazi. Kona ikatupita upande wa kushoto, nami nikaitazama inavyokwenda zake. Kaspari alijikaza miguu, mpini wa jembe ukasonga upande wangu ukagota kwenye honi, na honi ikalia bila kukata. Chini yetu niliona mji wa Mzee Mwasomola, nyumba ya bati jekundu, na barazani wazee wameketi kwenye viti, mashati meupe, wote wametazama kijia ambacho mshenga alitarajiwa kutokea kwa miguu.

Tukavunja ua wa mabua. Tukaingia kwenye kabichi. Nilizisikia zikiitika moja baada ya nyingine chini ya sakafu, kwa sauti ya mtu anayetafuna, mpaka tumbo la gari likakaa juu ya tuta la shamba na kila kitu kikanyamaza isipokuwa honi.

“Toa jembe,” nikamwambia Kaspari.

Akalitoa kwenye honi, na mpini ukagonga swichi ya taa.

Nilishuka (tuseme nilitoka kwa magoti, maana mlango ulifunguka kwa nusu tu), nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Kaspari hakuweza kutoka. Mlango wake ulikuwa umebanwa na udongo. Na kwa kuwa kazi yake kama msaidizi wa mshenga ilikuwa kubisha hodi, na kwa kuwa alikuwa ameitafakari safari nzima, kwa woga alibisha hodi yake palepale, kupitia dirishani: “Hodi wenye mji.”

Nawaomba mnielewe. Hodi ikishapigwa, utaratibu umeanza. Mzee Mwasomola, mtu mrefu, mkavu, asiye na haraka, akasimama. Hakutazama gari. Aliuliza lile swali analopaswa kuuliza, kwa sauti ileile ambayo angeuliza kama tungetokea kwenye kijia.

“Karibuni. Mmefikaje?”

Mtu aliyelelewa kwa maitikio hujibu kabla hajafikiri. Ukimwamsha usiku ukamwambia nusu ya kwanza, atakupa nusu ya pili. Nikavuta pumzi, nikaweka mkono kifuani, nikasema kwa matamshi ambayo ningempa mwanafunzi alama zote: “Tumekuja kwa miguu, vumbi la njia lingali miguuni petu, mikono yetu mitupu isipokuwa jembe.”

Kaspari akalitoa jembe dirishani.

Kabichi moja ikajiviringisha na kutulia. Kisha nyuma yangu nikasikia ule mlio mdogo ninaoufahamu, na nikaona kwenye nyuso za wazee kwamba taa zimeinuka. Zikashuka. Zikainuka tena, safari hii moja peke yake.

Shangazi wa binti, dada wa Mzee, mwanamke mpana mwenye kilemba cha njano, akanyoosha kidole. “Kaka,” akasema, “miguu yao ina taa.”

Wazee wawili wakainamisha vichwa kama watu wanaosali. Mzee Mwasomola hakucheka.

“Mwalimu,” akasema, “wa kwanza alikuja na pikipiki mpaka barazani. Nikasema hajui, aende afundishwe. Wewe unajua. Umesema mwenyewe, umeyapanga vizuri, tumeyasikia. Asiyejua anafundishwa. Anayejua tumfanye nini?”

Katika maisha yangu ya kufundisha sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo. Kwa mawazo nilimwona Festo, kule Mafinga, ameketi juu ya gogo, simu kiganjani, anangoja.

“Ondoeni chombo chenu,” akasema Mzee. “Mwende salama.”

Hivyo posa ilikuwa imekufa, na sisi tulitakiwa kuondoka, na hilo ndilo tusiloliweza. Kaspari akatokea upande wangu kwa shida ambayo sitaieleza, akasukuma nyuma, nikakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure yakimpaka tope kuanzia kofia hadi viatu. Vijana wa mji, wanne wenye mabega, walikuwa wamesimama tu kando ya zizi, wakitutazama kwa huruma.

“Wanangu,” nikasema, “mnaweza kutusaidia kusukuma?”

Wakamtazama Mzee. Mzee akatikisa kichwa, na hapakuwa na ukali ndani yake. Alikuwa anaeleza jambo. “Hawawezi. Mshenga hasukumwi kwenye mji wa watu. Tukiwasukuma itasemwa tumewafukuza.”

“Basi mtuazime jembe tuchimbe.”

“Mlikuja na jembe,” akasema Shangazi.

Nikavua koti, nikalitundika kwenye kioo cha pembeni. Nikachukua jembe la posa, jipya, lenye karatasi ya dukani bado kwenye shingo, nikaanza kuchimba chini ya gari langu mbele ya wazee wa ukoo wa Mwasomola. Mwanzo nilichimba kwa hasira, na hasira yenyewe nilikuwa nimeielekeza kwangu. Lakini mimi ni mtoto wa Mafinga, mama yangu alitulea kwa kabichi na viazi, na mikono ina kumbukumbu ambayo haiombi ruhusa. Kila nilipofika kwenye kabichi iliyong'oka bila kuvunjika, niliiinua na udongo wake, nikaichimbia mahali pengine, nikaipalilia, nikaendelea. Sikuwa na mpango wowote, nawaapia. Nilikuwa nachimbua gari litoke na kupanda kabichi ziingie, kwa mpigo mmoja, bila kujua.

Nikaona viatu vya Mzee kando yangu.

“Hiyo umeikaribiza mno na mwenzake,” akasema.

“Kwetu tunaziacha hivi, Mzee. Baridi ni kali, zinakingana.”

“Huku hazifungi vichwa ukizibana.” Akachutama, akaionyesha kwa kidole. “Hapa.”

Nikaihamisha. Akaniuliza kwetu wadudu tunawaua na nini, nikamwambia majivu na pilipili, akasema pilipili wamejaribu, majivu bado. Nikaeleza, akapinga, nikachimba, akapinga tena. Nilipoinua macho, ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye mikaratusi, na Kaspari, mnafiki yule, alikuwa ameketi barazani na kikombe cha chai ya maziwa. Ameketishwa. Mimi bado nimo shimoni, msaidizi wangu ameketishwa.

Shangazi akamletea kiazi cha kuchemsha. “Kula, Mhehe,” nikamsikia akimwambia. “Na mbwa wetu tumemwacha bila kumficha, si unaona tulivyowaamini.”

“Shangazi,” akajibu Kaspari, kinywa kimejaa, “nyie mngekuwa na ndizi huku juu tungeshawasahau mbwa.”

Utani ule wa zamani, wa sisi Wahehe kula mbwa na wao Wanyakyusa kula ndizi, ulikuwa umeanza, na palipo na utani hapajafungwa mlango. Nilisita na jembe mkononi. Mzee Mwasomola akanyoosha mkono, nikampa. Akaligeuza, akalitazama tope lake, akaing'oa ile karatasi ya dukani iliyolowa.

“Mimi nina dada wengi,” akasema. “Majembe ya posa nimeyapokea sana, yote yanakuja yanang'aa. Hakuna hata moja nililoliona likilimiwa na aliyelileta.”

Akaenda nalo barazani, taratibu, akaliegemeza ukutani.

Nikatoka shimoni nikamfuata.

Bado lilibaki la mwisho. Tusekile akaitwa kutoka ndani ili aulizwe mbele ya wote kama anawajua wageni hawa, kwani binti asiposema anawajua, jembe hurudi hata kama limeegemezwa. Akatoka ameinamisha macho kama inavyotakiwa, amejifunga vitenge viwili, akapiga goti, akainua macho akanitazama. Nilikuwa na tope mpaka kwenye mvi na jani la kabichi kwenye mfuko wa shati. Nyuma yangu gari likainua jicho lake moja.

Binti akajishika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika. Akainama, akashika udongo ajizuie kucheka, hakuweza.

“Tusekile,” akasema baba yake. “Unawajua hawa?”

Hakuweza kujibu. Mzee mmoja akasema aliyenyamaza amekubali. Shangazi akasema huyu hajanyamaza, anacheka, na kucheka hakuna aliyewahi kutuachia mwongozo wake. Wakabishana. Mimi nilisimama pale nikingoja hatima ya mtoto wa marehemu ndugu yangu itoke katikati ya kicheko, na sijawahi kungoja jambo kwa uchungu hivyo.

Mwishowe akafuta machozi. “Huyu mwenye matope,” akasema, “ndiye Baba mkubwa aliyemlea Festo?”

“Ndiye,” nikasema.

“Nawajua,” akasema, akakimbilia ndani, na tukamsikia akianza kucheka upya.

Shangazi akapiga vigelegele. Mzee Mwasomola akawageukia wale vijana wanne kando ya zizi, na ndipo nilipoliona tabasamu lake, dogo, kwenye pembe ya mdomo. “Haya,” akawaambia. “Sasa ni wakwe. Sukumeni.”

Walilibeba, kwa kweli, hawakulisukuma. Walilinyanyua kama jeneza na kulipandisha mpaka kwenye lami, wakiimba.

Tangu siku ile nimeapa mambo mawili. La kwanza, penye kuomba nitakwenda kwa basi. La pili, na hili nawausia hasa ninyi wasomi wenzangu, sitatamka tena maneno niliyoyakariri, hata yawe mazuri namna gani, kabla sijatazama chini kuona nimesimama juu ya nini.

Nadhiri hizo nilizishika siku ya kupeleka mahari. Gari nililiacha Iringa, kuku wa Mama Upendo wakilala chini yake. Tulisafiri kwa basi, mimi na Kaspari na wazee wetu, tukashuka mbali, tukatembea kipande chote cha mwisho. Ilikuwa kiangazi, na vumbi lilinipanda mpaka magotini. Nilikuwa mshenga aliyetimia kama wale wa zamani.

Tulipotokea kwenye kijia nikaona mji mzima umesimama nje, na majirani, na watoto wamevalishwa nguo za kanisani. Walikuwa wametazama upande mwingine, juu, kwenye mikaratusi. Njia ile ya malori ilikuwa imesawazishwa na kuwekwa kokoto. Kwenye shamba la kabichi, mahali palepale, Mzee Mwasomola alikuwa ameacha nafasi tupu, imezungushiwa mawe pembeni, ya upana wa gari dogo.

Shangazi ndiye wa kwanza kutuona. Akatazama nyuma yetu, akatazama tena.

“Kaka,” akasema, “wamekuja wenyewe tu.”

Mzee akageuka. Akauliza kwa sauti yake ileile, mmefikaje, nami nikajibu maneno yangu yote, na safari hii kila neno lilikuwa la kweli: miguu, vumbi, mikono mitupu.

“Tunaona,” akasema Mzee Mwasomola, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe kipofu, akatuonyesha viti.